Chini ya Meza ya Cherehani

Jumapili, 3 Februari

Dada yangu mpenzi,

Sasa hivi tu Kibabu ameanguka. Alikuwa anashuka ngazi ya mlangoni, mikono mgongoni, vile anavyotembea kama mzee aliyestaafu, akajikwaa, goti likapiga saruji. Damu imetoka, na si kidogo. Nikasubiri kilio. Wapi. Amekaa akaliangalia goti kana kwamba ni la mtu mwingine, akalipuliza, halafu akaja moja kwa moja miguuni pangu, akanivua ndala ya kulia, akaenda kuitia kwenye mkoba wake wa shule na kufunga zipu. Baba yake amecheka mpaka akakohoa. Anasema, "Huyu atakuwa mtu wa forodha, anakamata mali za watu." Basi ninakuandikia nikiwa na ndala moja.

Hajui kulia, dada. Tangu arudi kutoka kwako sijaona chozi lake. Majirani wananiuliza ni dawa gani, maana watoto wao wakinyang'anywa kijiko mtaa mzima unajua. Nawaambia, si dawa, ni dada yangu. Amenilea mimi, akamlea na yeye nilipougua, ana mkono wa kulea.

Ila shuleni mambo si mazuri. Nilikuandikia kwamba nimempeleka chekechea ili nirudi kazini kwa dobi. Sasa anang'ata wenzake. Si mara moja. Juzi amemng'ata mtoto wa mwenye duka begani, alama zikakaa kama mhuri. Mwalimu mkuu ameniita akasema akimng'ata mwingine muhula huu, nafasi yake anapewa mtoto mwingine. Na bila shule mimi sina kazi, kwa sababu kule kufulia kuna mapipa ya maji ya moto, mtoto haruhusiwi hata kuchungulia.

Lakini usiingiwe na wasiwasi, kuna habari njema. Pameletwa mama mmoja, wote wanamwita Mshauri. Anapita shule za watoto wadogo, anawasaidia wale wenye mambo moyoni. Si wa sindano wala dawa. Amesema anataka kuongea na mimi. Nina matumaini, dada, nahisi huyu atatusaidia.

Barua hii atakuletea baba yake, lori linapita kwenu Jumanne. Najua utasema si ungepiga simu. Simu yako mafundi wote wanaisikiliza, nami kwenye simu maneno hunikimbia. Wewe ndiye ulinifundisha kuandika, kwa chaki ya kuchoria nguo, sasa vumilia kusoma.

Mdogo wako,
Mama Kibabu


Jumatano, 6 Februari

Mdogo wangu,

Shemeji amefika salama, amekula, amelala kwenye kiti mdomo wazi, nimemfunika kwa kitambaa cha suruali ya mteja. Usimwambie.

Nimesoma. Kwanza, goti lioshwe kwa maji ya chumvi. Pili, hao wanaosema mtoto anang'ata, wamewahi kuwauliza watoto wao walimfanya nini? Kibabu alipokuwa kwangu hakumng'ata hata nzi. Alikuwa mtulivu mpaka wateja walidhani sina mtoto ndani.

Tatu, na hili ulisikie vizuri. Usimwambie huyo Mshauri kwamba ulilazwa. Mtu akisikia "wodi ile" hasikii neno jingine tena. Hataelewa kwamba ulimzika mtoto wako wa pili kabla hajapewa jina, kwamba chakula kilikukataa na sauti ikakupotea. Atasikia "kichaa" basi. Sema ulisafiri na mtoto akabaki kwa mama yake mkubwa. Si uongo mkubwa. Mwanamke akitoka kwenye maji hasimami barabarani kuwaonyesha watu nguo zilizolowa.

Na wakimfukuza, wamfukuze. Kitanda chake hapa sijakikunja. Nimemshonea shati la mistari, mfuko mmoja tu, maana mifuko miwili anaijaza mawe.

Dada yako


Alhamisi, 14 Februari

Dada,

Shati limemkaa. Mabega umeacha nafasi ya kukua, kama kawaida yako. Amelivaa akagoma kulivua hadi nusura nilifue likiwa mwilini.

Sasa nikupe habari ya Mshauri. Nilidhani nitamkuta mama wa koti jeupe. Nimemkuta kwenye kiti cha watoto, magoti yamefika kidevuni, raba miguuni, rangi ya maji shavuni. Nikamuuliza, "Utampima lini?" Akasema, "Simpimi. Mimi sifanyi kazi na mtoto peke yake. Nafanya kazi na watu wazima wanaoshinda naye, wewe na mwalimu wake. Mimi nitaondoka, nyinyi mtabaki." Akaniambia pia kwamba nitakalomwambia, litakalomsaidia mwalimu kumwelewa mtoto atamwambia mwalimu, na halitapita hapo.

Anakaa darasani asubuhi nzima, hasemi kitu. Alimwambia mwalimu aache kuhesabu alama za meno, aangalie kinachotokea kabla ya meno. Na unajua wameona nini? Kibabu hang'ati hovyo. Anawang'ata wanaolia. Mtoto akianza kulia tu, yeye anatoka alipo, anakimbia, anamziba mdomo kwa kiganja. Akinyamaza, anamwachia na kumpapasa kichwa. Asiponyamaza, ndipo meno. Mwalimu alishika kichwa, akasema, "Kumbe nilikuwa naona mwisho wa sinema tu."

Jambo la pili lilinichekesha. Anapenda kujificha chini ya meza ya mwalimu. Akiwa huko anashika mguu wa mwalimu kwa mikono miwili, anaukandamiza chini, anauachia, anaukandamiza tena. Mwalimu alidhani anaibiwa kiatu. Mshauri akaniuliza, "Kwenu kuna mtu ana cherehani ya kukanyaga?" Nikashtuka, nikadhani ni mganga. Akacheka, akasema bibi yake alikuwa fundi, na yeye alikuwa akikaa chini akimsaidia kukanyaga. Nikamwambia ndiyo, dada yangu, na hata mimi nimekulia chini ya meza ile, juu ya vipande vya vitambaa, cherehani ikienda kama mvua juu ya bati. Nilijisikia raha kukutaja.

Sasa hapa usinikasirikie. Na lile la hospitali nilimwambia. Sikupanga. Aliniuliza tu, "Na wewe ukoje?" na hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo muda mrefu, mdomo ukafunguka wenyewe. Hakushangaa. Alinipa karatasi laini ya kujifuta.

Mwishoni akaniuliza, "Alipokuwa kwa dada yako, aliambiwa mama yake yuko wapi?" Sijawahi kukuuliza. Ulimwambia niko wapi, dada? Niandikie nikamjibu.

Mdogo wako,
Mama Kibabu


Jumanne, 19 Februari

Mdogo wangu,

Kazi imenibana, sare za shule mbili nimezipokea kwa pamoja na fundi mmoja ameumwa mkono, kwa hiyo barua ni fupi.

Nilikwambia nini? Nilikwambia usiseme. Umesema. Haya. Huyo mama wa raba leo anakufuta machozi, kesho habari yako iko midomoni mwa watu. Nakupenda ndiyo maana nakugombeza.

Habari ya cherehani: mtoto alipenda kukaa hapo, kama wewe ulivyopenda. Mama alipofariki ulikuwa na umri wa Kibabu, nami nilikuwa msichana tu, sina mume wala ndevu za kukutishia, na nguo za watu zinasubiri. Ningekuweka wapi? Nilikuweka hapo chini, ukatulia, ukakua, ukaolewa. Hukuwahi kulalamika. Leo mtu anakuja na kiti kidogo anafanya ni ugonjwa.

Mtoto wa umri ule anaambiwa nini? Anaambiwa ale, anakula. Alale, analala. Alikuwa akiniita mama, bila "mkubwa", sikumfundisha mimi, alichoka tu kusema neno refu. Sikumkataza. Ungekuwa wewe ungemkataza?

Mpe shemeji ndoo ya mafuta ya taa arudishe. Na Kibabu apakwe mafuta masikioni.

Dada yako


Ijumaa, 1 Machi

Dada,

Ulisema na imekuwa.

Jumatano mwalimu mkuu aliniita ofisini. Hakuniambia nikae. Alisema, "Mama, tumesikia ulikuwa umelazwa wodi ya wagonjwa wa akili. Shule ilipaswa kujua. Je, dawa unakunywa? Mtoto ana usalama nyumbani?" Mlango ulikuwa wazi. Mpishi wa shule alikuwa pale nje anachambua mchele, mkono wake ukasimama ndani ya ungo. Nilijibu sijui nini. Nilikuwa natazama viatu vyangu, na hata sikumbuki nilivaa vipi.

Nilitoka nikamkuta Mshauri getini. Dada, sijawahi kumsemea mtu mzima maneno yale. Nilimwambia, "Ulinipa karatasi nijifute kumbe unakusanya maji ukayauze." Nilimwambia nilimfungulia moyo kama mlango wa nyumba, yeye akaingia akahesabu vyombo. Alinisogelea. Akasema, "Sikumwambia mwalimu mkuu, mama. Hilo hata mwalimu wa darasa sikumwambia." Nikamwambia basi ni upepo. Nikaondoka na Kibabu kaishika ndala yangu mkononi, maana siku hizi haitii tena mkobani, anaibeba wazi.

Kazini nilifua mashuka ya hoteli siku nzima, kila shuka naona uso wake. Kinachoniuma ni kwamba nilimwamini bila kulazimishwa. Ungenilazimisha ningesema nilidanganywa. Mimi nilijipeleka mwenyewe, na mdomo nikaufungua.

Jana Kibabu kamng'ata mwingine. Mwalimu wa darasa hajampeleka kwa mwalimu mkuu bado, anasema ampe wiki mbili. Lakini mimi nimechoka kutazamwa. Baba yake yuko barabarani siku zote, nami nikibaki peke yangu na macho ya watu, naogopa nitarudi kule nilikotoka. Labda ni kweli Kibabu alitulia kwako. Labda mkono wangu ndio mbovu.

Njoo umchukue, dada. Akae na wewe mpaka nipate shule nyingine. Wewe ndiye pekee uliyebaki ambaye nikimpa kitu changu nalala.

Mdogo wako


Jumanne, 5 Machi

Mdogo wangu, mtoto wangu wa kwanza,

Nimesoma barua yako nimesimama, mkasi mkononi. Pole. Pole sana. Sisemi nilikwambia.

Nitakuja Jumamosi ya tarehe 16. Umefanya jambo la busara na hakuna atakayekucheka. Kuwa mama ni pamoja na kujua uwezo wako. Kitanda kiko tayari, nimebadili godoro. Nguo asibebe nyingi, nitamshonea.

Nikupe na namna ya kufanya siku hiyo, maana wewe una moyo laini. Usimuage. Mtoto akiagwa ndipo hujua kuna kuachwa. Mwambie mama anaenda dukani, anarudi sasa hivi, kisha uende kazini kwako kawaida. Mengine niachie, namjua, siku mbili tatu atakuwa ametulia kama safari ile. Na ile ndala asije nayo. Nilipata tabu na kanga yako mara ya kwanza mpaka nilipoificha.

Mambo ya shule usijisumbue. Mwalimu mkuu wenu ni mtu mwelewa, ana sauti ya upole, hataweka kikwazo kwenye uhamisho.

Nimefurahi, sitakuficha. Nyumba hii ina mashine tatu na bado iko kimya.

Dada yako anayekupenda


Jumatatu, 11 Machi

Mama Kibabu,

Nakuandikia kwa sababu getini hutaki tuonane, na una haki hiyo. Barua hii nampa mwalimu wa darasa akupe mkononi, imefungwa.

Sikutoa siri yako. Sina njia ya kukulazimisha uamini, kwa hiyo nasema mara moja tu.

Nakuandikia kwa ajili ya jambo la leo asubuhi. Tulikuwa tumekubaliana na mwalimu kwamba Kibabu akimkimbilia mtoto anayelia, asimvute wala asimfokee. Apige magoti karibu naye na amuulize. Leo msichana mmoja alibanwa kidole na mlango, akalia. Kibabu akaja na kiganja chake. Mwalimu akapiga magoti, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Akilia itakuwaje?"

Kibabu akamgeukia. Akasema, "Mama yake hatakuja." Kisha akamwinamia yule msichana akamwambia, kama kwa huruma, "Mama hayupo. Ukilia harudi. Nyamaza mpaka uzi uishe."

Mwalimu hakujua ni uzi gani. Mimi pia sijui, ila nadhani wewe unajua.

Mwanao hawaumizi wenzake kwa ubaya. Anajaribu kuwaokoa. Anaamini kwamba kilio ndicho kinachomfanya mama asirudi, na kila mtoto anayelia mbele yake anakaribia kumpoteza mama. Hiyo ni kazi kubwa kwa mtu ambaye bado hawezi kufunga vifungo vyake.

Mwalimu amekwisha kubadilisha mambo mawili. Amempigilia msumari ukutani, pembeni ya mkoba wake, ndala yako inaning'inia pale, anaweza kwenda kuigusa. Na ukija kumchukua atamwambia kwa sauti, "Mama alisema atarudi, na huyu hapa." Kwa upande wako, ukiondoka asubuhi muage, hata kama inauma. Mwambie unakwenda wapi na utarudi baada ya nini. Akianguka, mwambie, "Lia, niko hapa." Huenda asilie kwa muda mrefu. Usichoke.

Nimesikia anahamishwa. Uamuzi ni wenu. Nakuomba tu, kabla hajaenda popote, muulize ni nani aliyemfundisha maneno hayo.

Mshauri


Jumatano, 13 Machi

Dada,

Mchana huu sikwenda kazini. Baba Kibabu yuko nje anakagua magurudumu, akimaliza ataingia achukue barua hii hapa mezani jinsi itakavyokuwa, maana nimemwambia nikipewa muda nitaichana.

Kibabu yuko uani na watoto wa jirani. Wanacheza kuendesha lori la kopo. Namsikia akiwaambia, "Nyie abiria, kaeni." Naandika huku namsikia.

Niliposoma "mpaka uzi uishe" nilikuwa nimesimama nje ya geti. Mwalimu wa darasa akanishika mkono. Watu wote duniani wangeweza kusema mama hayupo, dada. Lakini uzi ni wako.

Na mimi uliniambia hivyo hivyo. Nilikuwa nimesahau, au nilikunja nikaweka mbali. Nilikuwa chini pale, miguu yako inaenda, ukasema nyamaza mpaka uzi uishe. Nikawa natazama bobini ikizunguka, ikipungua, najikaza. Na ikifika mwisho ulikuwa unatia nyingine. Uzi wako haukuwahi kuisha, dada. Nilichojifunza ni kwamba kunyamaza hakuna mwisho. Labda ndiyo maana nilipompoteza mtoto wangu nilinyamaza mpaka wakanilaza.

Kwa hilo sikulaumu. Ulikuwa msichana, mama alikuwa amefariki, uliniambia hayupo na ilikuwa kweli. Uliniambia jambo chungu lililo kweli, ukanilisha, ukanivisha. Lakini mimi nilikuwa hai. Nilikuwa kwenye kitanda, na dirisha, na muuguzi aliyekuwa akinichana nywele, na nilipoweza kusema, neno la kwanza nililoomba ni simu. Nikakupigia. Kumbuka. Ukasema Kibabu anacheza. Nikapiga tena, ukasema amelala. Nikapiga tena, ukasema akikusikia atavurugika, tulia upone kwanza. Nikakushukuru. Dada, nilikushukuru, nikamwambia na muuguzi kwamba mwanangu yuko mikono salama. Kumbe mwanangu yuko chini ya meza anakaza koo, anaamini kila chozi linanisukuma mbali.

Jana nilikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Safari hii nilikaa bila kuambiwa. Kilichonipeleka ni barua yako, ile ya sauti ya upole. Mwalimu mkuu hujawahi kuonana naye, sauti yake umeisikia wapi? Nikamuuliza ni nani alimwambia habari zangu. Akashangaa kwamba sijui. Akasema, "Dada yako. Alipiga simu kuulizia uhamisho. Alisema wewe bado hujatengemaa, na yeye ndiye mlezi." Akaniambia ulipiga wiki ile ile ulipoijibu barua yangu ya kumweleza Mshauri. Kabla sijakuomba chochote. Halafu nikakuandikia nimesalitiwa, nikakulilia wewe, ukajibu pole. Uliandika "sisemi nilikwambia". Kweli, hukusema. Ulimwambia mwalimu mkuu.

Nilimtukana mtu asiye na kosa. Leo asubuhi nilimfuata Mshauri, nikamkuta kwenye kile kiti chake anakata karatasi za maua. Nikasema nisamehe. Akasema, "Kaa, shika mkasi, nimebakiza matano." Basi. Tukakata.

Halafu nikafanya alichoniambia. Nilimpitia Kibabu mapema, tukarudi, nikaingia naye chini ya meza yetu, kichwa nimekiinamisha maana mimi si mdogo tena. Nikamuuliza, "Mama mkubwa alisema mama yuko wapi?" Akanitazama mdomo, si macho. Akasogea akaninong'oneza sikioni, kwa uangalifu, kama mtu anayekabidhi kitu cha kuvunjika. Alisema yote. Na lile la kanga yangu, kwamba uliitoa kitandani kwake ukasema imekwenda na mwenyewe. Ndiyo maana sasa anashika kiatu. Kanga inaondoka, lakini mtu hawezi kwenda mbali na kiatu kimoja. Amefikiri peke yake hilo, dada, kichwa chake hiki kidogo.

Nikamwambia, "Mimi nilikuwa hospitali. Nilikuwa naumwa. Hukunifukuza. Kulia hakufukuzi mama." Akasema, "Hata kulia kwa nguvu?" Nikasema hata kwa nguvu. Akafikiri. Akasema, "Hata usiku?" Nikasema hata usiku. Hakulia. Alinishika sikio tu, akawa analikunja na kulikunjua.

Sasa ya Jumamosi. Kibabu haendi. Mwalimu wa darasa amekubali abaki, wiki hii hajang'ata, jana mwenzake alilia yeye akaenda kumletea ile ndala ashike. Godoro lipya mpe fundi wako. Na usiwaambie watu kwamba nimerudiwa na ugonjwa, maana najua ndilo litakalofuata. Sijarudiwa. Nina hasira, na hasira si ile, hii inanifanya nile.

Sikufungii mlango. Ukija, uje kama mama mkubwa, mchana, uketi sakafuni mbele yake, umwambie kwa kinywa chako kwamba ulisema jambo lisilo kweli na mama alikuwepo. Asikie kutoka kwako, maana wewe anakuamini. Hilo ndilo linaloniuma kupita yote, kwamba anakuamini bado, nami pia mkono wangu kila ukishika kalamu unaandika herufi zako, ile "k" yako ya mguu mrefu, na sijui nitajifunzia wapi nyingine. Ulinitaka niwe mzima au ulitaka nisipone? Nijibu hilo tu. Naweza kusikia kwamba ulimpenda sana. Naweza hata kusikia kwamba nyumba yako iko kimya. Lakini nataka ujue kwamba siku ile nilipotoka hospitali, nikaja kwako, yeye akasimama mlangoni ananiangalia kama mgeni, na wewe nyuma yake umemshika mabega, mimi nilidhani mtoto amenisahau, nikajilaumu mwaka mzima, na wewe uliniona najilaumu, ukanichemshia chai, ukaniambia

Dada, ngoja. Kuna kishindo uani, lile kopo limebingirika. Kibabu ameanguka. Analia. Analia kwa nguvu, mtaa mzima unasikia, ananiita mimi, anasema mama njoo, nami nina